Kisado cha Makombe

Jumatatu yai lilitoka bila nguo.
Nililiokota kwenye maranda, likanitetemekea kiganjani,
ngozi tupu, la moto, ganda hakuna.
Jumanne manne.
Jumatano kuku wakayaonja wenyewe,
na kuku akishaujua utamu wa kiini
humfundishi tena adabu.

Nikaenda dukani kwa Chilumba, hapahapa Mtama,
ukishapita mashine ya kukoboa.
Akakipiga kiroba kofi la mgongo kama anayenadi ng'ombe:
"Hiki, dada Somoe, kuku akila Ijumaa
Jumapili anataga mawili."
Nikamwomba beseni na maji.
Nikachota konzi moja, nikaimwaga, nikangoja.
Pumba zikaelea.
Chini ukalala mchanga,
mweupe, msafi,
wa kujengea choo.
Chilumba akatazama barabarani
kana kwamba kuna mgeni anamsubiri.

Tangu hapo nachagua kwa pua na kwa ulimi.
Mahindi nayavunja: yakiwa na vumbi la kijani moyoni
hayaingii kwangu hata ya bure,
ukungu ule haupepeteki.
Mashudu ya ufuta naagiza Nachingwea,
ya wiki hii, yanayonata vidoleni;
ya mwezi jana hunuka utambi wa kibatari.
Dagaa nalamba. Ndiyo, nalamba, mbele za watu,
chumvi ikinikaba namrudishia mwenyewe.
Majani ya mlonge nayaanika kivulini,
kiini kipate rangi ya kuuzika.

Lakini ganda silo jambo la pumba.
Alikuja bwana mifugo, kijana wa Newala, Nandonde,
pikipiki yake imejaa vumbi jekundu la Makonde.
Akachuchumaa bandani,
akampapasa kuku kifua, akampapasa mguu,
akasema neno lililoninyima usingizi:
"Mama, kuku hakungoji upate hela ya chokaa.
Usipompa, anaikopa mifupani mwake.
Anakopa, anataga, anakopa, anataga,
siku moja anataka kusimama, mguu unakataa."

Nikamkumbuka mama.
Uzazi tisa, kwa ugali wa muhogo na chai ya rangi.
Samaki akiingia nyumbani, mnofu wa baba,
mchuzi wa watoto,
mama anakwangua sufuria.
Alizoea kusema kila mtoto kaondoka na jino lake,
akacheka, kiganja mdomoni,
nasi tukacheka.
Mimi wa saba. Langu ni gego la kushoto.
Kisha akateleza uani,
uani tu, pakavu, kiangazi,
nyonga ikakatika kama kijiti cha muhogo.
Wakasema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.
Hakutokea wa kuchuchumaa akamuuliza,
wewe unakula nini?

Kila mwezi Esha wa Mchinga ananiletea makombe ya chaza.
Nayaosha, nayakausha, nayatwanga kwa kinu kilekile cha mama.
Sifikishi unga. Naacha punje,
firigisi izimung'unye polepole usiku kucha,
maana usiku, sisi tumelala,
ndipo ganda linapojengwa.
Wanaotaga nawawekea kisado chao pembeni,
kila mmoja anajua kiasi anachodaiwa.
Matetea ambao bado siwapi. Siku zao zipo.

Sasa nagonganisha yai na yai
na yote mawili yananijibu.
Yule mwekundu bado anachechemea.
Simchinji.

Binti yangu Asumini ana mimba ya miezi mitano.
Jana ameingia changu mkubwa.
Nikampakulia mnofu, wote, pamoja na kichwa.
Akasogeza sahani: "Mama, huu si wa baba?"
Baba yake kanyamaza, anatazama mchuzi.
Nikairudisha sahani mbele yake.
Kaa, nikamwambia.
Kula.